Chumba cha Wasio na Lebo

Mtoto wa Mbuke alianza kunyonya siku ileile waya wa Isenga ulipounganishwa, na hakuna mtu wa Lusanga aliyefikiri kwamba mambo hayo mawili yana undugu. Wangefikirije? Waya ni waya na titi ni titi. Watu walishukuru kwa yote mawili, wakapika wali, wakala, wakaenda kulala.

Aliyeunganisha waya huo ni Nkwimba, fundi wa mtandao wa Lusanga, mwanamke wa makamo mwenye mikono myepesi na ulimi mwepesi zaidi. Mbuke alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Kwa hiyo siku ile Nkwimba alikuwa na sherehe mbili, na kama angeulizwa ipi kubwa angesema ya mtoto, ingawa waya nao ulikuwa umemvimbisha kichwa kidogo.

Tumwache avimbe, maana kazi ilikuwa ngumu. Tangu jua la juu liwe halikaliki, watu wa Lusanga waliishi ndani ya mgodi wa zamani wa dhahabu, na upande wa pili wa mlima watu wengine walikuwa wamehamia mgodi wa Isenga. Babu zao walisikiana baruti kupitia mwamba bila kuonana nyuso. Sasa handaki lilikuwa limetobolewa, watu wanasalimiana, na kilichobaki kilikuwa kuunganisha mitandao. Swichi za Lusanga, yale masanduku yanayogawa njia za mtandao, zilikuwa za kijani, za Isenga za kijivu. Zilitoka kwa watengenezaji wawili ambao enzi zao walikuwa hawapendani hata kidogo, na ambao wote walikwishafilisika zamani, hata wa kumpigia simu kumuuliza jambo hayupo.

Nkwimba alikaa kwenye swichi yake, mwenzake Fundi Sadala akakaa kwenye yake kule Isenga, wakazungumza kwa simu ya handaki.

"Poti yako umeiweka trunki?" aliuliza Nkwimba.

"Nimeiweka. VLAN zote za majumbani nimeziruhusu zipite. Za kwako je?"

"Zinapita zote. Washa, baba, tusizeeke hapa."

Poti ni tundu la waya, na kazi ya trunki ndiyo hiyo, waya mmoja kubeba vyumba vingi bila kuvichanganya. Kila nyumba ilikuwa na VLAN yake, yaani chumba chake ndani ya mtandao, na kila kipande cha sauti kilichopita kwenye waya kilibandikwa lebo yenye namba ya chumba kilikotoka. Swichi ya upande wa pili husoma lebo na kukipeleka kunakohusika. Taa ziliwaka vizuri, ya kwanza hadi ya mwisho. Shangazi mmoja wa Isenga alimsikia mpwa wake aliyekuwa ameolewa Lusanga juzijuzi, na hakuna sikio jingine lililoambulia kitu. Sadala alicheka kwenye simu, Nkwimba naye akacheka, wakaagana kama watu waliofanya kazi safi.

Sauti zenyewe zilitoka kwenye shanga. Kila mtu wa migodini alibandikwa ushanga mmoja nyuma ya sikio siku ya kuzaliwa. Zamani ulikuwa wa wachimbaji tu, ili mwamba ukiporomoka walio nje wajue kama walio ndani bado wanapumua. Baadaye wake wakautaka, kisha watoto, na mwisho hakuna aliyekubali kuuvua. Kwa ushanga, watu wa nyumba moja walisikiana pumzi na miguno hata wakiwa mashimo tofauti, na mtu wa Lusanga aliyenyamaziwa na shanga za kwao alikosa usingizi.

*

"Dada," Mbuke alimwambia, "nani kati yenu anamwimbia mwanangu?"

Nkwimba alikuwa amekuja kumwona mtoto, ameleta supu. Aliweka bakuli chini.

"Kumwimbia wapi?"

"Kwenye ushanga wake. Vaa usikie."

Hapo kuna desturi ya kuelewa. Mtoto wa Lusanga hapewi jina mpaka kitovu kidondoke. Kabla ya hapo yeye ni mgeni tu, na mgeni hasumbuliwi kwa kuitwaitwa. Asiye na jina hana lebo, kwa kuwa lebo ya ushanga huandikwa kwa jina la mwenyewe, na kitu kisicho na lebo swichi ya kijani hukiweka chumba namba moja. Watu walikiita chumba cha wachanga. Wakunga walikuwa na ushanga wao wa malezi wa kukisikilizia, na wiki hizo chumba kilikuwa na mtoto mmoja tu, huyu wa Mbuke, ambaye tangu azaliwe alilikataa titi kama mtu aliyekuja duniani kwa bahati mbaya. Walimlisha kwa kijiko, akatema. Mkunga mkuu alikuwa ameanza kuwatazama wazazi kwa huruma ile isiyotaka kusemwa. Kisha ghafla akanyonya.

Nkwimba alivaa ushanga wa malezi. Kwanza alisikia kinywa cha mtoto kikifanya kazi, kuvuta na kumeza, kuvuta na kumeza, na akafurahi. Halafu chini ya sauti hiyo akasikia nyingine. Mtu alikuwa anaimba kwa kufumba mdomo. Sauti ilikuwa nzito, ya kifua kilichokula vumbi la mwamba maisha yake yote. Haikuwa na maneno, kwa maana ushanga usio na lebo haupitishi maneno, hupitisha sauti tupu ya kifua na koo. Iliimba, ikatua, ikasafisha koo, hm-hmm, ikaendelea. Ilipotua, mtoto naye alitua. Ilipoendelea, akaendelea.

"Huyu si mtu wetu," alisema Nkwimba.

"Ndiyo nakwambia. Mkunga hajui. Nimezunguka kwa wanawake wote wa mtaa, wananiambia ni uchovu wa uzazi." Mbuke alimtazama mtoto, akamtazama dada yake. "Mimi naogopa kuuliza sana. Anakula, dada. Nikiuliza sana asije akaacha."

Nkwimba aliondoka bila kunywa hata maji. Alijua kila poti ya Lusanga kama anavyojua sufuria zake, na hakuna hata moja ambayo sauti ile ingeweza kupitia. Aliingia chumba cha mitambo akiwa na uhakika kwamba jibu liko pale, akafungua swichi, akapitia chumba kimoja baada ya kingine. Vyote vilikuwa sawa. Akarudia, vikawa sawa tena, na kadiri vilivyozidi kuwa sawa ndivyo yeye alivyozidi kuchanganyikiwa. Hatimaye alimpigia Sadala.

"Kaka, swali la kijinga. Kitu kikija kwako kwenye trunki hakina lebo, unakipeleka wapi?"

"Kwenye VLAN ya asili, kama wewe."

"Ya asili kwako ni namba ngapi?"

"Arobaini."

Nkwimba alifumba macho. Swichi za kijani zote hutoka kiwandani na namba moja ndiyo ya asili, na yeye hajawahi kuona haja ya kuibadilisha. Hakuwahi hata kuuliza. Zingekuwa kijani na kijani, zingegundua tofauti hiyo zenyewe, maana za kiwanda kimoja hupashana habari kwa lugha ya kwao na taa ya njano ikawaka. Kijani na kijivu hazina lugha hiyo ya pamoja. Zilipokea na kupeleka kwa adabu zote, namba moja ya Lusanga ikamwagika ndani ya arobaini ya Isenga, arobaini ikamwagika ndani ya moja, na hakuna taa hata moja iliyolalamika.

"Na hiyo arobaini," aliuliza taratibu, "ni chumba cha nini?"

Sadala alishusha sauti. "Ni chumba cha msiba, dada."

"Kina nani sasa hivi?"

"Marehemu Mzee Hamimu."

*

Isenga nao walikuwa na desturi yao. Mtu akifariki huvuliwa ushanga, hufutwa lebo ili jina lake lisiendelee kuitwa ndani ya nyumba, na ushanga huwekwa kwenye kisahani karibu na mjane mpaka arobaini iishe. Ushanga uliokaa sikioni miaka mingi huwa umemjua mwenyewe, na mara nyingi huendelea kwa muda kuguna na kuvuta pumzi kama yeye. Kila mtu wa Isenga alijua kwamba si yeye. Hata hivyo walikaa, wakausikiliza mpaka ukazimika, na hiyo ndiyo ikawa buriani yao.

"Kwa hiyo mtoto wa mdogo wangu anaimbiwa na maiti," alisema Nkwimba.

"Usiseme hivyo kwenye simu, dada."

"Niseme vipi?"

Kwa kuwa alikuwa mtu wa vitendo, Nkwimba akafanya kile ambacho fundi yeyote angefanya. Alimwambia Sadala wabadilishe namba ya asili pande zote mbili waweke mia tisa tisini na tisa, chumba kitupu kisicho na mtu. Ni amri moja fupi. Waliiandika kwa pamoja, wakabonyeza. Nkwimba alijifuta jasho, akaenda kwa Mbuke kumpa habari njema kwamba kosa limerekebishwa.

Alikuta kilio. Mtoto alikuwa amelitema titi. Mbuke alijaribu upande wa kulia, akajaribu wa kushoto, akajaribu kumwimbia mwenyewe huku machozi yanamtiririka, na mtoto akageuza uso na kuulilia ukuta. Mpaka chakula cha mchana kilipoiva alikuwa hajameza kitu, na kilio chake kilikuwa kimeanza kupungua nguvu. Hilo la kupungua ndilo lililomtia Nkwimba hofu ya kweli. Alikimbia kurudi kwenye mitambo na khanga ikimkwama miguuni.

"Sadala, rudisha!"

"Nilikuwa nakupigia wewe," alisema Sadala. "Bi. Siwema amepiga ukelele mtaa mzima umetoka. Mjane wa Mzee Hamimu. Anasema tumemuua mumewe mara ya pili."

Walirudisha kosa kama lilivyokuwa. Nkwimba hakuwahi, katika miaka yake yote ya kazi, kurudisha kosa kwa makusudi. Alikaa mbele ya swichi huku mikono ikiwa mapajani, na taa zote zikawaka vizuri tu, wala hazikuwa na habari.

*

"Ikate sauti hiyo ya maiti," alisema Ndaki, mume wa Mbuke. Alikuwa mpole siku zote, mtu wa kusema ndiyo kabla hajaulizwa, lakini siku ile alisimama mlangoni amekunja ngumi. "Shemeji, nakuheshimu. Ikate."

"Akiacha kunyonya?"

"Tutamlisha kwa kijiko."

"Kijiko alikitema," alisema Mbuke kutoka kitandani.

"Mmemsikia lakini?" Ndaki alimwonyesha mtoto. "Msikilizeni kabla hajaanza kunyonya. Msikilizeni!"

Walisikiliza. Mtoto alikuwa na njaa, akasogezwa kifuani, na kabla ya kushika titi akasafisha koo. Hm-hmm. Kitu kidogo kabisa, kama mzee anayetaka kuanza hotuba. Siku nyingine wangecheka mpaka mbavu ziume.

Nkwimba aliijua sababu, na alitamani asingeijua. Ushanga mchanga ni mtupu, hujifunza kwa ile sauti ya kwanza inayoukaa, na mtoto hujifunza kwa ushanga wake namna ya kupumua akiogopa na namna ya kutulia. Ndiyo maana watu walikuwa waangalifu na chumba cha wachanga, hawakumruhusu mgomvi wala mlevi kukikaribia. Mtoto huyu alikuwa anajifunza kutulia kwa mtu ambaye hakuna aliyemchagua, na ambaye, kwa kadiri Nkwimba alivyofahamu, alikuwa kaburini.

"Mpeni jina leo," alisema. "Akipata jina anapata lebo, anahamia chumba chenu, mambo yanaisha."

"Kitovu hakijadondoka," alisema Mbuke. "Na akihamia chumba chetu atasikia nini? Atanisikia mimi. Mimi ndiye niliyekataliwa."

Alisema bila kulia, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko machozi. Nkwimba alitazama mdogo wake, akamtazama shemeji, akatazama kile kichwa kidogo chenye nywele za pamba. Ukikata waya, huenda mtoto akafa. Ukiacha, atakua na kifua cha mtu mwingine, na kule ng'ambo kuna mwanamke anayedhani mumewe hajaondoka. Hakujua ashike lipi aache lipi. Alichojua ni kwamba alikuwa akikisia mambo ya chumba ambacho hajawahi kukiona.

"Nipeni mpaka alasiri," alisema. "Naenda Isenga."

*

Alipita handakini na ushanga wa majaribio nyuma ya sikio la pili. Ulikuwa wa kupimia poti, hauna lebo, na alikuwa ameuzima upande wa kutoa sauti ili usikie tu usisikike. Njia nzima sauti nzito ilimwimbia. Mtu asikiapo jambo kama hilo peke yake, ndani ya mwamba, hujikuta anaharakisha bila kupenda, na Nkwimba alitoka upande wa pili akihema.

Sadala alimpokea. Alikuwa mrefu, mwenye aibu, na kofia ilikuwa mkononi.

"Wazee wanataka irekebishwe kabla ya jioni," alisema. "Wanasema marehemu asichezewe. Nimewaambia nasubiri kauli yako, maana trunki ina ncha mbili."

"Wewe umeingia kwa huyo mama ukaona?"

Sadala alishtuka. "Yuko eda, dada! Mwanaume nikaingie vipi? Hata kisahani nilipewa habari zake na wanawake. Mimi najua poti tu."

Nkwimba aliingia peke yake. Chumba kilikuwa kidogo na safi, kimefukizwa udi. Bi. Siwema alikuwa ameketi mkekani, amejifunga shuka jeupe, mwanamke mwenye mabega mapana ya mtu aliyewahi kushika nyundo. Kando yake kulikuwa na kisahani, na ndani ya kisahani ushanga mmoja.

"Shikamoo, mama. Pole na msiba."

"Marahaba, mwanangu. Tumeshapoa. Karibu kitako."

Nkwimba alipovuka kizingiti wimbo sikioni mwake ulikuwa umekatika. Alidhani ni mwamba umezuia. Aliketi, wakaulizana hali, kisha mazungumzo yakaisha na Bi. Siwema akainamisha kichwa. Akasafisha koo, hm-hmm, akaanza kuimba kwa kufumba mdomo.

Nkwimba aliisikia kwa sikio la kulia, kutoka mkekani. Aliisikia kwa sikio la kushoto, kutoka kwenye ushanga wa majaribio. Ilikuwa sauti ileile moja. Alikitazama kisahani, na ushanga uliokuwa mle, ambao ukiwa unafanya kazi huwaka nukta nyekundu, ulikuwa mweusi kama mbegu ya papai.

"Mama," alisema, "ushanga wako wewe una lebo?"

"Mjane hana lebo, mwanangu. Akina mama hutufuta siku ya kwanza, mpaka tutoke eda. Wanaume hawaambiwi." Alitabasamu kidogo. "Mimi na yeye tuko chumba kimoja hapa, wasio na majina."

"Na wa marehemu ulizimika lini?"

"Jioni ileile tuliyomzika. Nilikuwa nautazama, nikauona unazimika. Nikasema basi, Hamimu, ndiyo umekwenda." Macho yake yaling'aa. "Kisha siku mlipotoboa mlima mkaleta waya, akarudi. Najua mtasema mimi ni kichaa. Lakini nimelala na mtu yule maisha yangu yote, sijui anavyopumua? Alikuwa mgonjwa wa tumbo, mwishoni hali kabisa. Namsogezea uji, anageuza uso kwa ukuta. Nikawa namwimbia wimbo wake wa kuchimba, huu huu, ndipo anameza kijiko kimoja. Sasa sikiliza."

Aliimba tena. Sikioni mwa Nkwimba, mbali, kinywa kilivuta na kumeza, kuvuta na kumeza.

"Anakula," alinong'ona Bi. Siwema. "Unasikia anavyokula? Hajawahi kula hivi tangu augue."

Nkwimba alitamani ardhi ipasuke immeze. Alikuwa amekuja kumwambia mjane kwamba maiti inamlea mtoto, na badala yake amekuta mtu hai akimlea mtoto huku akidhani ni maiti. Angeweza kunyamaza. Angetoka pale, aseme yote ni sawa, mtoto anyonye, mjane afurahi, kitovu kidondoke, na namba ibadilishwe polepole siku hiyo, bila yeyote kujua kitu. Nani angeumia? Alijiuliza hivyo kwa dhati, na kila alipotaka kujibu kwamba hakuna, alimwona mwanamke huyu siku hiyo, akiimba, na pumzi isirudi. Angefiwa tena, na safari hii bila kuelewa kwa nini. Tena alikuwa akimlea mwana wa watu bila kuombwa. Hata yaya huombwa.

"Mama," alisema, "huyo si Mzee Hamimu."

Akaeleza. Alieleza vibaya, kwa kurukaruka, mara namba moja, mara arobaini, mara kitovu, na Bi. Siwema alimtazama kama mtu anayesomewa barua isiyo yake. Nkwimba aliacha habari za swichi.

"Ni mtoto mchanga. Wa mdogo wangu, kule Lusanga. Alikuwa hanyonyi. Akikusikia, ananyonya. Kosa ni langu, mimi ndiye sikuuliza."

Bi. Siwema alikuwa ameacha kuimba. Sikioni mwa wote wawili kilio chembamba kilianza.

"Huko kulia," alisema mjane polepole. "Nilidhani ni tumbo linamuuma."

"Ni yeye, mama. Anakutafuta."

"Kwa hiyo Hamimu hajala."

"Hapana, mama."

"Hajanijibu hata mara moja."

"Hapana."

Bi. Siwema alivuta shuka akafunika uso. Mabega yale mapana yalianza kutikisika, na Nkwimba naye akalia, hakujizuia wala hakuona haya.

"Toka, mwanangu," sauti ilisema chini ya shuka. "Niache."

"Na mtoto..."

"Toka."

*

Njia nzima ya kurudi mtoto alilia sikioni mwake na hakuna aliyemwimbia. Nkwimba alikimbia, akatembea, akakimbia tena. Alijilaumu kwa kusema, akajilaumu kwa kutaka kunyamaza, na alipofika Lusanga hakuwa na uhakika hata na jina lake.

Nyumbani kwa Mbuke simu ya handaki, aliyokuwa ameiacha pale, ilikuwa inaita. Ndaki aliishika kama kitu kinachouma, akampa.

"Dada, wazee wako hapa," alisema Sadala. "Nibadilishe?"

Kitandani Mbuke alikuwa amemlaza mtoto kifuani, titi liko wazi na halishikwi. Kilio kilikuwa cha kukatikakatika sasa.

"Ni mwanamke," Nkwimba aliwaambia, akiwa bado anahema. "Yuko hai. Anaitwa Siwema, mumewe alikufa akikataa chakula, alikuwa anamwimbia ale. Alidhani mwanenu ni mumewe. Nimemwambia ukweli, akanifukuza."

Ngumi za Ndaki zilikuwa zimekunjuka.

"Yuko hai," alirudia.

"Dada?" alisema Sadala kwenye simu. "Nibonyeze?"

Nkwimba alimtazama Mbuke, kwa kuwa mtoto alikuwa wa Mbuke, na kwa mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze alikumbuka kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Mwambie asubiri," alisema Mbuke.

"Subiri," alisema Nkwimba.

Walisubiri. Mbuke alikuwa amevaa ushanga wa malezi, Nkwimba bado alikuwa na ule wa majaribio, na Ndaki, ambaye hakuwa na chochote, aliwatazama nyuso. Mtoto alilia, akapumzika, akalia. Kisha upande wa pili wa mlima mtu akasafisha koo.

Hm-hmm.

Ukaja wimbo, lakini haukuwa ule. Ule wa kuchimba ulikuwa na kishindo ndani yake, wa kumhimiza mtu mzima. Huu ulikuwa mwororo, unakwenda na kurudi, wa kubembelezea watoto, na aliyeuimba alikuwa akiukosea hapa na pale kama mtu ambaye hakuwahi kupata wa kumwimbia. Mtoto alinyamaza. Alikunja paji la uso, akaduwaa kabisa, kama wao wote walivyokuwa wameduwaa siku hizo. Nkwimba alishika simu kwa mikono miwili. Mtoto akageuza kichwa kutoka ukutani, akatafuta kwa mdomo, akalishika titi la mama yake.

"Waambie wazee," alisema Nkwimba kwenye simu, "kosa litabaki mpaka kitovu kidondoke. Mwenyewe amekubali."

Sadala aliuliza mwenyewe ni nani, lakini Nkwimba alikwishashusha simu. Mbuke alikuwa ameinua mkono wanyamaze. Wimbo ulikuwa umetua, na kule Isenga hakukusikika kitu ila pumzi ya mwanamke aliyekaa kimya, akisikiliza mtoto anavyokula. Safari hii alijua anamsikiliza nani.